Kisa cha mzee, magogo matatu ya mwaloni na meza iliyonyanyuka kingo

Nianze na meza maana ndo iliyofanya niitwe. Meza ya ubao mmoja mzima, upana sentimita 80, urefu mita mbili na nusu, mwaloni mtupu, ukiingia sebuleni unaiona kabla hujamwona mwenye nyumba. Mzee aliimaliza, akaipaka mafuta juu na chini, akapiga picha akawatumia watoto wake wote. Wiki sita baadaye kingo mbili zimenyanyuka kama mtumbwi, ukiweka penseli pembeni inabingirika yenyewe kwenda katikati, na hapo katikati kuna ufa umetokea mwisho mmoja ukaingia ndani kama sentimita 70, kadi ya benki inapita bila kugusa. Akanipigia. "Fundi, njoo uone mbao yako inavyonifanyia." Mbao yangu! Mi sikuwepo hata siku moja wakati anaipasua, nilimwazima tu jeki na minyororo ya kuvutia, ila kichwani mwake tulishakuwa wabia.

Nimemwomba ruhusa nikiandike hiki kisa, akasema andika, ila jina langu liache. Sawa. Nakieleza chote na hata yale aliyoyafanya vizuri, maana nikisema tu "mbao ilikuwa mbichi" nitakuwa nimesema kweli na bado hujajua kwa nini mtu makini kama yule, mhasibu wa miaka thelathini na kitu, alidhani imekauka.

Alistaafu akiwa na miaka 60. Miezi michache mbele upepo ukaangusha mwaloni mkubwa wa jirani, jirani anataka uondoke tu, mzee akasema nipeni mimi. Kilichopatikana ni magogo matatu. La kwanza lina kipenyo cha sentimita 95 upande mwembamba na urefu wa mita 3.2. La pili sentimita 80 kwa mita 3. La tatu ni tawi kubwa lililokuwa limelala pembeni, sentimita 45 kwa mita 2.5. Ukipiga hesabu la kwanza peke yake ni zaidi ya mita za ujazo 2.2, na mwaloni mbichi mita moja ya ujazo ni tani moja au inazidi kidogo, kwa hiyo tunaongelea kitu cha tani mbili na zaidi kimelala kwenye nyasi na mwenye nacho ana umri wa kusubiri wajukuu. Hapa nichomeke neno kidogo, tukisema mbao ngumu kwa lugha ya wataalamu wa miti maana yake ni miti ya majani mapana, si lazima iwe migumu, hata balsa ile ya kutengenezea ndege za kuchezea nayo iko kundi hilo hilo. Ila mwaloni ni mgumu kweli, halafu una tabia yake mbaya, unakauka polepole na ukiuharakisha unapasuka.

Magogo yalilala miezi mitano kabla hajaanza. Alikuwa anatafuta chensoo, anasoma, anauliza watu, anajenga kibanda, na muda wote huo miisho ya magogo iko wazi, haijapakwa kitu. Maji kwenye mti yanapita kwenye mirija iliyolala kwa urefu, kwa hiyo mwisho uliokatwa unatoa maji mara kumi au zaidi kuliko ubavuni, ile sura ya mwisho inasinyaa wakati ndani bado kumejaa maji, basi inapasuka. Alipoteza kama sentimita 20 kila upande wa kila gogo. Kopo moja la nta au hata rangi nzito ya zamani, siku ile ile ya kukata, lingezuia sehemu kubwa ya hiyo hasara, na ni kazi ya robo saa. Nikimwambia hili anakunja uso kwa sababu rangi ilikuwepo stoo.

Kingine cha miezi mitano ni wadudu. Alipovua maganda ya gogo la kwanza akakuta vitundu vidogo vidogo vya mviringo, vyeusi pembeni, akapata hofu, akanipigia simu kuuliza kama achome moto vyote. Vile vyeusi ni vya wale wadudu wanaoingia kwenye mti mbichi na kuotesha kuvu wao ndani, wanakula kuvu si mbao, mti ukikauka wanakwisha, vitundu vinabaki kama alama tu. Wa kuogopa wanakuja baadaye, mbao ikishaanza kukauka, wanabungua ile sehemu nyeupe ya nje yenye wanga na chini yake unakuta unga laini kama wa ngano. Kumbuka hilo maana tutarudi.

Sasa kupasua. Kwa kweli hapa mzee alinishangaza. Chensoo yake injini ni ya cc 90, bapa lake (lile la chuma linalozungukwa na mnyororo) refu kupita upana wa gogo, juu yake kafunga fremu ya kupasulia ambayo inateleza juu ya gogo na kushika unene mmoja. Mkato wa kwanza ndo unaobeba yote, kwa sababu fremu inafuata sura iliyo chini yake na gogo ni la mviringo, haina pa kukaa. Akachukua mbao mbili zilizonyooka, akazifunga juu ya gogo kama reli, akapima kwa pima maji mwisho huu na mwisho ule hadi vikakubaliana, ndipo akapitisha. Akainua gogo juu ya mihimili miwili, akalikaba kwa kabari nene kila upande lisibiringike, na kila akikata mita moja anachomeka kabari ndogo nyuma ya mkato ili ubao wa juu usibane mnyororo. Watu wenye misuli kumzidi wanasahau hizo kabari ndogo halafu wanalaumu mashine.

Alikosea mnyororo tu mwanzoni. Aliweka ule wa kawaida wa kukata miti kwa kukatiza, meno yake yamenolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi, ukiupeleka kwa kufuata urefu wa nyuzi unakwaruza, unatetemeka, na mbao inatoka na mistari kama imechanwa na chanuo. Wa kupasulia meno yake yananolewa kwa digrii 10 hivi. Akabadilisha, akajifunza kutumia tupa kila akimaliza tanki la mafuta, na mbao zikaanza kutoka za heshima. Ukitaka kujua kama mnyororo unakata angalia kinachotoka, ukiwa butu unatoa vumbi kama unga, ukiwa mkali unatoa vijichembe vyenye urefu.

Kabla sijafika kwenye unene, kuna msumari. Kwenye gogo la pili, mwishoni, kulikuwa na doa la bluu nyeusi limechora mstari kufuata nyuzi. Mwaloni una tanini nyingi (ile dutu chungu ya kwenye miti) na tanini ikikutana na chuma inageuka wino, zamani watu walikuwa wanaandikia wino wa namna hiyo. Doa likionekana mwisho wa gogo, chuma kipo mahali fulani kwenye mstari huo. Mzee aliliona, akalipiga picha kwa sababu ni zuri, akakata. Mnyororo mpya ukakatika meno nusu yake. Msumari wenyewe ulikuwa umezikwa sentimita kumi na kitu ndani, mti umeufunika ukaendelea na maisha yake, na hakuna anayejua ulipigiliwa na nani. Siku hizi ana kile kifaa cha kutafutia chuma.

Unene basi. Ukimuuliza kwa nini alipasua gogo la kwanza kwa unene wa sentimita 8 atakwambia gogo kubwa linastahili mbao nene, jibu zuri la kishairi. Mi nilikaa naye tukarudisha hesabu nyuma na jibu likawa lingine kabisa. Mkato wa chensoo unakula karibu sentimita moja ya mti kila unapopita. Ukipasua mbao za sentimita 2.5, kila sentimita 3.5 umetupa moja, yaani kwenye asilimia 28 ya gogo imekuwa vumbi, na kwenye gogo lile ni kama mikato 23. Ukipasua za sentimita 8 unatupa asilimia 11 tu na mikato ni tisa. Na kila mkato wenye upana wa sentimita 90 kwa urefu wa mita tatu ni nusu saa ya kusukuma umeinama, uso uko karibu na moshi wa mashine, mikono inatetemeka hadi usiku vidole vina ganzi. Mkato wa nne mgongo wake ulishaamua. Unene aliuchagua mgongo kwa kushirikiana na chensoo, halafu yeye akautafutia sababu nzuri. Simlaumu, ningekuwa na miaka yake ningefanya hivyo hivyo, ila huo uamuzi ulikuwa na bili ambayo hakuiona kwa sababu haikuja siku ile.

Kipande cha kwanza cha bili ni uzito. Ubao wa upana wa sentimita 85, unene 8, urefu mita 3.2, ukiwa mbichi una kilo 200 na zaidi. Huo hauubebi, unausogeza kwa mtaimbo na vipande vya mabomba kama watu wa mapiramidi. Ubao wa 2.5 wa upana huo huo ni kilo 68, na ukiugawa katikati kwa urefu unapata viwili vya kilo 34 ambavyo wazee wawili wanavinyanyua wakipiga soga. Kwa sababu hazisogezeki, mbao zake nane zilipangwa pale pale zilipoangukia, kwenye bonde kidogo lenye unyevu, badala ya kule kwenye kibanda alichokijenga miezi mitano!

Cha pili ni muda. Watu wote wanajua ile kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, naye aliijua, akasema inchi tatu miaka mitatu, ila nikiona mita ya unyevu inasema imekauka mapema nitashukuru. Kanuni hiyo kwa mbao nyembamba inakaribia ukweli, kwa mbao nene inadanganya, kwa sababu maji ya katikati lazima yasafiri hadi nje na muda wa hiyo safari unapanda karibu na mraba wa unene. Unene ukiwa mara tatu muda si mara tatu, unaelekea mara sita, nane, hata tisa. Kwa mwaloni ndo usiseme.

Cha tatu ni moyo wa mti. Ukipasua gogo kubwa kwa mbao nene za upana mzima, lazima mbao moja au mbili zibebe moyo, na mbao inayobeba moyo itapasuka, hapo hakuna majadiliano. Mti unasinyaa kufuata pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda ganda, kwa mwaloni ni kama asilimia 9 au 10 dhidi ya 4 au 5 kutoka mbichi hadi mkavu kabisa. Sasa pete ni duara linalotaka kufupika kuliko kipenyo chake kinavyofupika, hesabu haifungi bila duara kukatika mahali. Inakatika kwenye moyo. Na ubao alioupenda kuliko yote, ule mpana kuliko yote, ndo ulikuwa na moyo. Kawaida ni hivyo, mpana kuliko yote ndo wa katikati.

Upangaji wake ulikuwa nusu kwa nusu. Aliweka papi (vile vijiti vya mbao vya kupitisha hewa) kati ya ubao na ubao, vizuri, ila papi zenyewe alizitoa kwenye tawi bichi, nyingine nene nyingine nyembamba, na hazikupangwa kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Papi zikipishana, ubao wa juu unaukalia ule wa chini mahali pasipo na nguzo, unajifunza kupinda ukiwa mbichi na ukikauka hausahau. Papi mbichi nazo zinaacha alama nyeusi zinazoingia ndani. Halafu akafunika rundo lote kwa turubai hadi chini, pande zote, kama anafunika gari. Miezi mitatu. Alipofunua kuna ukungu wa kijani na mweusi, akashtuka akafanya kinyume chake, akaacha wazi juani kabisa, na ndani ya wiki mbili uso wa mbao ukajaa nyufa ndogo ndogo kama matope yaliyokauka. Tulipokuja kusawazisha baadaye ni kufunika juu tu, pande ziwe wazi, upepo upite, jua lisiguse, na mawe mazito juu ya rundo.

Miezi 16 baada ya kupasua alinunua mita ya unyevu, ile yenye sindano mbili. Akachoma, ikaandika asilimia 12. Akachoma mahali pengine, 13. Na 12 ndo namba aliyoisoma kila mahali, kwenye hewa ya nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 65 mbao inatulia hapo hapo karibu na 12. Mhasibu akiona namba mbili zinakubaliana anafunga kitabu, na hapa ndo jibu la kwa nini mtu makini alikosea. Sindano zile zina milimita 8. Alikuwa anapima ngozi. Milimita 8 za nje kila upande wa ubao wenye milimita 80, halafu akaamini zile 64 zilizobaki zinafanana nayo.

Nilipokwenda tulifanya kipimo cha kizamani. Nilikata kipande kutoka mwisho wa ubao ndugu yake meza, kutoka rundo lile lile, nikienda ndani ya sentimita 40 maana mwisho wenyewe umekauka zaidi na ungetudanganya tena. Nikakigawa tabaka tabaka, la nje na la katikati, tukapima kila kimoja kwa mzani wa jikoni, tukaweka kwenye oveni kwenye digrii 103 hadi uzito ukaacha kushuka. La nje lilianza gramu 126 likaishia 111.5. La katikati lilianza 142 likaishia 112. Unachukua maji yaliyotoka unagawa kwa uzito mkavu. La nje asilimia 13, mita ilisema kweli. La katikati karibu 27. Mbao inaanza kusinyaa ikishuka chini ya 30 hivi, maana yake katikati ya meza ile ilikuwa ndo kwanza inaanza. Mzee aliitazama ile karatasi muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo nimepaka mafuta ndoo ya maji."

Sasa rudi kwenye meza uone jinsi vitu vinne vilivyoshirikiana. Ubao ulikuwa umejipinda kidogo, akaurandia kwa mashine ya rauta inayotembea juu ya reli, juu akatoa milimita 9 na chini milimita 3 tu. Ule uso wa juu sasa uko karibu na katikati yenye maji kuliko uso wa chini. Akauingiza ndani ya nyumba ambako hewa ni kavu kuliko nje. Uso wa juu ukakauka na kusinyaa, wa chini ulishamaliza kusinyaa zamani, upande unaofupika unavuta kingo kuja kwake, basi mtumbwi. Juu ya hapo moyo haukuwa katikati ya unene, ulikuwa upande wa chini, kwa hiyo uso wa juu ndo uliokuwa unaelekea ganda, na ubao wa namna hiyo ukikauka unabonyea upande wa ganda. Sababu mbili zinavuta upande mmoja. Halafu mafuta aliyopaka hayazuii maji, yanapunguza mwendo kidogo tu. Na mwisho miguu, fremu ya chuma, boliti mistari miwili iliyoachana sentimita 50, matundu yamebana boliti hakuna hata milimita ya kuchezea. Ubao unataka kupungua upana, chuma kinasema hapana, katikati ya mistari miwili kuna moyo ambao ni dhaifu tayari. Ukafunguka.

Kama angetoboa matundu marefu kama kitundu cha kifungo, boliti ziweze kuteleza, ufa ungekuwa mdogo. Usingekosekana ila ungekuwa mdogo. Kama angeliondoa lile pande la moyo mapema pengine tusingekuwa na kisa.

Hapo alitaka kumwaga gundi ya epoksi ya rangi kwenye ufa na kuendelea. Nilikataa na nadhani hapo ndo mchango wangu mkubwa kwenye jambo hili, maana kujaza ufa unaoendelea kukua ni kuweka kabari. Tukafungua boliti, meza ikarudi kuwa ubao. Tukaupasua kwa urefu pande zote mbili za moyo, tukatoa pande la sentimita 9, zikabaki mbao mbili za sentimita 35 hivi. Na hapa kuna zawadi ambayo hakuitegemea. Ubao wa katikati ukitolewa moyo, hizo nusu mbili nyuzi zake zimesimama, pete zinakutana na uso kwa pembe karibu ya mraba, ndo mbao zinazotulia kuliko zote kwa sababu upana wake unasinyaa kwa ule upande mdogo. Na kwenye mwaloni, ukikata hivyo, ile miale inayotoka moyoni inalala juu ya uso na kung'aa kama magamba ya samaki. Tulipopitisha randa ya mkono mara mbili ikatokea. Mzee alikaa chini. Miezi yote alikuwa anakitafuta kile kitu na alikuwa amekificha ndani ya unene.

Mbao nyingine tuliamua moja moja. Tano tulizitoa moyo zilipokuwa nao, tukazipeleka kwa mtu mwenye msumeno wa mkanda akazigawa unene mara mbili. Nilimwonya mapema kwamba zitajikunja, na zilijikunja, kila jozi zikatazamana kama viganja vinavyotaka kuteka maji, kwa sababu sura mpya ni ile ya ndani yenye unyevu na nje ilishakauka ikiwa imevutwa. Ukijua unaacha unene wa kuranda, unazirudisha kwenye papi na uzito juu na unasubiri. Mbili alikataa zisiguswe. Akasema hizo ziache hivyo hivyo nene, zitakauka nikiwa na 67 au 68, na kama sipo wajukuu watajua la kufanya. Sikuwa na la kubisha, ilikuwa mara ya kwanza anachagua unene huku anajua unagharimu miaka mingapi.

Gogo la pili tulilifanya tofauti kabisa. Lilikuwa bado zima kasoro ule mkato wa msumari, na maganda bado yamelishika. Misumeno mingi ya mkanda inayohamishika hailipokei gogo la sentimita 80, kwa hiyo tulitumia chensoo kuligawa nusu kwa kupita moyoni, kisha robo, na robo hizo ndo mtu wa mkanda akaja kuzipasua mbao za milimita 32. Za 32 zikikauka zinashuka, ukiranda unapata 25 safi. Mkato wake unakula milimita 3 tu. Kazi ambayo mzee angeifanya wiki mbili na mgongo wake iliisha siku moja, yeye akiwa anapanga papi, na nikisema ukweli wangu, mstaafu akiwa na magogo mawili matatu tu sioni kwa nini ajipasulie kila kitu. Chensoo iwe ya kugawa gogo lisilosogezeka, mbao zenyewe apasue mwenye mkanda. Ila najua wapo ambao raha yenyewe ni ule mlio, hao siwezi kuwasaidia, wavae tu vya masikioni maana mlio ule unapita desibeli 100.

Tawi lilitupa jibu lake haraka. Tawi linalolala pembeni, upande wake wa juu unajenga mti wa kujivuta, ambao unasinyaa kwa urefu kuliko kawaida. Mbao ya kwanza ilivyoachana na tawi ikainuka kama upinde mbele ya macho yetu kabla hata haijakauka, na uso wake una manyoya manyoya hauchukui randa. Tuliacha hapo. Ni kuni.

Na ule unga laini ulikuja. Chini ya rundo la kwanza, vilima vidogo kama mtu kapuliza ngano, mzee aliuona akafagia, akadhani ni vumbi la chensoo. Vumbi la chensoo mwaka mzima baadaye? Tulikata ile sehemu nyeupe yote iliyobunguliwa, iliyobaki tukapaka maji ya boraksi, ingawa dawa ile inaingia kidogo tu juu juu. Joto lingekuwa bora, mbao za kufungashia mizigo inayosafirishwa kati ya nchi na nchi kanuni yake ni joto la digrii 56 hadi katikati kwa dakika 30, ila yeye hana tanuri la kukaushia. Lile pande la moyo ndani yake halina nyeupe, wadudu hao hawana shida nalo.

Kitu kimoja tuligombana. Alipasua gogo la kwanza karibu lote peke yake, simu iko ndani inachaji. Gogo la tani mbili likihama kabari haliulizi umri. Na alikuwa anasaga meza na msasa wa umeme bila barakoa, wakati vumbi la mbao limewekwa na IARC, lile shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ya pua hasa, na mwaloni ni mmoja wa miti inayotajwa sana hapo. Alinijibu kwamba kwa miaka yake saratani itamkuta kachelewa. Nikamwambia basi vaa kwa ajili ya mkeo anayefua. Akavaa.

Baada ya hayo yote nikampa kazi inayomfaa mhasibu. Kwenye rundo jipya tumechagua vipande vitatu vya mfano, tumepaka nta miisho, vinakaa katikati ya mbao wenzao, vinatoka Jumamosi vinapimwa na kurudi. Tulikata vipande vidogo pembeni mwake tukavikausha kwa oveni, kwa hiyo tunajua kila mfano ukiwa mkavu kabisa utakuwa na gramu ngapi. Mita ya sindano haijatupwa, inapima ngozi kama kawaida yake. Ana daftari, safu ya tarehe, safu ya gramu, safu ya asilimia, na nyekundu pale maji yalipotoka haraka mno, ambapo anashusha turubai kidogo upande wa upepo.

Jumamosi iliyopita kaniletea daftari lenyewe. Mfano namba tatu, mkavu wake gramu 1,240, leo 1,412, wiki iliyopita 1,415. Bado gramu 23 ifike 12. Nikamuuliza miguu ya meza vipi, akasema hajaikata, na mbao za juu ziko kwenye papi, sebuleni ameweka meza ya plastiki.